Nyayo za Mama Kwenye Uwanja wa Ndege

Kijana mmoja wa hapa Isevya, mwenye kibanda cha vifaa vya simu, alikuja mashineni kwangu kusagisha mahindi, na wakati anangoja zamu yake akaanza porojo. Akasema ndege zinazotua Tabora siku hizi ni aibu tupu, eti wenzetu wanapanda jeti, sisi bado tunaletewa pangaboi, feni zinazoruka. Watu wakacheka. Mimi nikazima injini. Kinu kikanyamaza, unga ukabaki unaelea hewani, wote wakanigeukia. Nikamwambia, "Wewe mtoto, pangaboi unaijua au unaisikia? Umeshawahi kusimama nyuma yake inawashwa?" Akasema, "Yaishe mama, nilikuwa natania tu." Nikawasha injini tena, nikaendelea kumimina mahindi ya watu, lakini sikuelewa hasira yote ile nimeitoa wapi.

Nafikiri ilikuwa harufu. Injini yangu ni ya dizeli, kuukuu, na ukiizima ghafla hutema moshi wa mafuta yaliyoungua. Moshi ule ukikutana na vumbi la kiangazi chetu, vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno, basi mimi siko tena mashineni. Niko nje ya waya wa uwanja wa ndege, magoti yamejaa vumbi, na nangoja.

Nyinyi wa umri wangu mtanielewa. Jeti inapita huko juu, ukiinua macho imeshakwenda zake, haikujui. Pangaboi ya jeshi ya zamani ilikuwa inakujia. Unaisikia kabla hujaiona, na unaisikia tumboni kwanza. Inatua inayumba, imenenepa tumbo, rangi ya kijani iliyochujuka, inapiga vumbi mpaka mbuzi wanakimbia. Ikizimwa, lile panga linapungua mwendo, duara la ukungu linageuka kuwa vipande vya chuma, unaviona kimoja kimoja, vimekwanguliwa na mawe. Ikiwashwa inakohoa kwanza. Inatoa moshi mweusi, panga linasita, linazunguka kidogo, linasita tena, na wewe unajikuta unaisukuma kwa roho, haya, haya, twende, mpaka inashika. Nani aliyewahi kuisukuma jeti kwa roho? Mimi niliipenda ile mashine kwa sababu inafanya kazi yake mbele ya macho yako, haina cha kuficha. Ndivyo nilivyoamini kwa miaka mingi sana.

Wakati huo, mimi nikiwa mtoto wa shule, kulikuwa na vita. Sisi watoto tuliijua vita kwa redio, kwa nyimbo za mchakamchaka, na kwa sukari iliyopotea madukani. Mama yangu alikuwa nesi wa chumba cha upasuaji pale mjini. Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli. Siku moja Landrova ilisimama mbele ya nyumba yetu, na mama akatoka chumbani na begi dogo, kavaa raba zake nyeupe za kazini. Akaniambia anakwenda kuwatibu askari walioumia. Nikamuuliza atarudi lini. Akasema, "Nikimaliza."

Sasa mimi kumaliza nilikokujua ni kumaliza kufua, kumaliza kupika. Nikajua atarudi jioni.

Tulimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, mimi na baba. Ndege ilikuwa imefungua mlango wake wa mkiani, umelala chini, na watu wanapanda kwa miguu huku wamebeba maboksi. Injini zilikuwa zinaunguruma. Mama alivuka ule uwanja wa changarawe peke yake, raba zake zinaacha alama nyuma, na upepo wa pangaboi ukampiga khanga ikamruka kichwani. Akaishika kwa mikono miwili, akageuka, akacheka. Sikusikia kicheko, niliona meno tu. Kisha akaingia gizani mle ndani na mlango ukapanda.

Na hapa niseme jambo linaloniudhi mpaka leo. Ile ndege ilipokimbia na kunyanyuka, mimi niliruka juu nikashangilia. Ilikuwa inamchukua mama yangu, na mimi nilikuwa sijaona kitu kizuri kuliko kile maishani mwangu. Baba alinishika bega akanikazia, nikadhani anafurahi pamoja nami.

Jioni mama hakurudi. Kesho yake pia hakurudi. Badala yake akaja Bibi, mama yake baba, kwa treni kutoka Igalula, na kikapu cha karanga na jogoo aliyefungwa miguu. Kitu cha kwanza alichofanya baada ya kutua kikapu ni kuuliza, "Mkamwana alipita wapi alipotoka?" Nikamwonyesha: mlangoni, akapita pembeni ya mwarobaini, akatoka getini. Bibi akachukua ufagio wa uani akaufungia stoo.

"Hapa hapafagiwi," akasema, "mpaka arudi."

Bibi alizaliwa katika ukoo wa wapagazi. Babu zake walibeba pembe na vitambaa kati ya huku kwetu na pwani, miezi kwa miezi, na wengine hawakurudi. Kwao mtu akishaondoka kwenda safari ndefu, zile nyayo zake za kutokea hazifutwi. Mvua ikizifuta ni mvua, upepo ukizifuta ni upepo, lakini mkono wa mtu wa nyumbani usiziguse. "Ukimfagia msafiri," alikuwa anasema, "njia inamsahau."

Baba alijaribu. Alisema, "Mama, lakini huyu kaondoka na ndege."

"Kwani ndege ilimchukulia kitandani? Si alitembea hapa?"

Baba mwenyewe nilimwona akipita pembeni asubuhi akienda kazini, anaikwepa ile njia ya mama, ingawa hakuna kilichokuwa kinaonekana tena ila majani ya mwarobaini.

Ua wetu ukawa kichekesho. Jirani yetu Bi Zuwena, wa zile familia za Kiarabu zilizofanya biashara Tabora tangu enzi, alikuwa mwanamke ambaye hata kuku wake walikuwa wasafi. Alisimama getini kwetu na sahani ya kashata mkononi, akatazama majani, maganda na mavi ya mbuzi, akashika kiuno. "Mama wee, humu ndani mtakuja kuzaliwa nyoka."

Bibi akapokea kashata. "Akizaliwa nitamlea. Karibu ndani, lakini pita huku pembeni."

Mimi nilikuwa mtoto wa kutotulia. Shuleni nilichapwa kwa kutazama dirishani, nyumbani nilikaripiwa kwa kula nimesimama. Zile siku za kungoja ndizo zilizonimaliza kabisa. Nilikuwa nalala nikiamka, nikisikia gari nakimbilia getini. Na katika kuhangaika huko ndipo akili yangu ya kitoto ikafanya hesabu yake. Bibi analinda nyayo za mlangoni mpaka getini. Sawa. Kutoka getini mama alipanda Landrova, hapo hana nyayo. Lakini aliposhuka? Si alivuka uwanja kwa miguu mpaka kwenye ndege? Nyayo zake za mwisho kabisa ziko kule, kwenye changarawe, na hakuna mtu anayezilinda. Nilitokwa jasho. Sikumwambia mtu, nilipotoka shule nikaenda moja kwa moja uwanja wa ndege.

Nilichokiona kikanikata maini. Mzee mmoja mrefu, mwembamba, kavaa kaptula ya kaki, alikuwa anafagia. Anafagia pale pale ndege zinaposimama, kwa ufagio mkubwa wa vijiti, kwa bidii, anarudi kinyumenyume, na nyuma ya ufagio wake ardhi imebaki tupu kama uso wa mtu aliyenyolewa. Nikapita chini ya waya nikakimbia nikausimamia ufagio kwa miguu yote miwili.

"Shikamoo," nikasema, maana adabu nilifundishwa.

"Marahaba," akasema, ananitazama kwa mshangao. "Umepotea?"

"Usifagie hapa. Mama yangu alipita hapa."

Akacheka, halafu akaona silii wala sicheki, akaacha. Huyo ndiye Mzee Ndahani, kibarua wa uwanja, Mgogo aliyekuja Tabora na treni akaoa huku na hakurudi kwao. Akachuchumaa, akaokota kijiwe akanionyesha. "Unakiona hiki? Pangaboi ikikirusha hiki ni risasi. Kinavunja panga, kinatoboa ndege, kinaua mtu. Mimi nisipofagia, watu hawarudi."

"Ukifagia ndio hawarudi! Bibi kasema!"

Basi tukatazamana. Yeye kaambiwa na wakubwa wake afagie ili watu warudi salama, mimi nimeambiwa na Bibi pasifagiwe ili mama arudi. Akakuna kichwa. "Mwite huyo bibi yako," akasema. "Ni Mnyamwezi?" Nikasema ndiyo. Mzee Ndahani akasimama akajipangusa magoti, akawa na furaha ambayo sikuielewa hata kidogo.

Bibi alikuja asubuhi ya pili, kajifunga khanga kiunoni kwa vita. Alipomwona mzee kwa mbali tu akapaza sauti kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwa, Mgogo! Ndiye wewe unayemfagia mkamwana wangu?"

"Mbukwa! Na wewe ndiye Mnyamwezi unayetuma watoto kunikanyagia ufagio? Nyinyi kazi yenu mizigo, ufagio mngeujulia wapi?"

"Tungeujua vipi, na kila tukipita kwenu mnatuvua nguo? Maji ya kunywa hongo, kivuli hongo! Babu yangu alifika Tabora uchi, kanzu yake iko kwenu mpaka leo."

"Nimeivaa Idi iliyopita, ilinibana," akasema Mzee Ndahani. "Haya, leo umefika tena Ugogo, bibi. Ninapofagia mimi ni Ugogo. Unataka mkamwana wako apite? Toa hongo."

Ninyi mnajua utani. Mimi sikujua. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba Mnyamwezi na Mgogo ni watani tangu misafara ya babu zao, na kwamba wanaweza kutukanana hata msibani wakaishia kula pamoja. Mimi nilisikia neno moja tu: mama hapiti mpaka itolewe hongo. Nikaamini kabisa kwamba mzee huyu ndiye mwenye njia ya angani, na kwamba mama yuko juu huko anazunguka anangoja tulipe. Nikaanza kulia kwa sauti. Bibi akafungua pindo la khanga, akatoa karanga, na mimi namhimiza, "Zote, Bibi, mpe zote!" Mzee Ndahani akazipokea kwa mikono miwili, uso mkavu, akatafuna moja akatingisha kichwa. "Karanga ni za kuingilia. Na asali nayo?"

Asali ikaja kesho yake. Na mzee akatimiza. Kwa kisigino chake akachora mistari miwili kuanzia pale magari yanapoishia mpaka pale mlango wa ndege unaposhukia. "Humu sifagii," akasema. "Mawe nitayaokota kwa mkono. Lakini mtu akiniuliza, sikujui na hunijui."

Tangu hapo nilihamia uwanja wa ndege. Kila nikitoka shule niko kwenye waya. Ndege za jeshi zilikuwa zinatua kujaza mafuta, zikitoka huko ziwani kwenye vita zikielekea Dar, au zikirudi. Nikazijua. Nilijua kwa mlio ipi imebeba mizigo na ipi tupu, nilijua ipi inakohoa upande wa kushoto. Kila moja ilipotokea nilikuwa nasema: mama huyo. Kisha ikishasimama, nikaona mapipa yanaviringishwa na askari wawili watatu wanashuka kujinyoosha na mama hayumo, huzuni ilikuwa inanijia lakini haikai, maana panga limeanza kuzunguka tena na mimi macho yangu yameshanaswa. Nashindwa kulieleza vizuri hili. Niliumia na kufurahi mahali pale pale, kwa kitu kile kile, na nilikuwa siwezi kukaa nyumbani.

Nakumbuka mchana mmoja wa upepo. Ndege ilitua bila mtu kuitegemea, ikasogea mpaka kwenye mistari yetu, ikazima injini. Haikufungua mlango. Wakavuta mafuta haraka haraka, na askari mmoja aliyekuwa amesimama chini akamfokea Mzee Ndahani afagie mbele, upepo umeleta changarawe, wanataka kuondoka sasa hivi. Mzee akachukua ufagio. Nilipoona unakaribia njia ya mama nikapita chini ya waya nikaushika upande wa pili. Yeye anavuta, mimi navuta. Askari anapiga kelele, "Huyu mtoto katoka wapi?"

"Mjukuu wangu, niachie," Mzee Ndahani akasema chini chini. "Kuna watu wanaumwa humo ndani."

"Na mama yangu?"

Akanitazama. Akautupa ufagio kando, akapiga magoti palepale, akaanza kuokota vijiwe kwa mikono, anavitia mfukoni. Nami nikapiga magoti. Tukaokota mbele ya lile panga lililosimama, mimi na yeye, tunatambaa, yule askari anatutukana, jua linatuchoma visogo, mpaka njia ikawa safi bila kufagiwa. Ndipo mzee akanishika mkono akanivuta mpaka pembeni, na injini zikawashwa. Nilikuwa sijawahi kuwa karibu namna ile. Panga lilisita, likakohoa, likashika. Mpaka leo nikifumba macho naliona. Vumbi lilinijaa mdomoni kwa sababu mdomo nilikuwa nimeuachama.

Mvua za kwanza zilipokaribia, mama akarudi. Akarudi kwa treni ya Mwanza, kwa miguu kutoka stesheni, na mimi siko, niko kwenye waya natazama angani. Nilipofika nyumbani jioni, getini nikasikia mchakacho wa ufagio. Mwanamke mmoja mwembamba, kanyolewa nywele, kainama, anafagia njia ya mama yangu. Keshafika kwenye mwarobaini. Na Bibi amekaa kizingitini anamtazama hasemi kitu!

Nilipiga ukelele uliomtoa Bi Zuwena jikoni kwake. "Acha! Acha we mama! Nani kakuambia ufagie?" Nikarukia ufagio, nikauvuta, yule mwanamke hakuuachia. Akainua uso. Alikuwa na macho makubwa kuliko niliyoyakumbuka.

"Shikamoo yangu iko wapi?" akasema.

Nilimng'ang'ania kiunoni nikalia, na kiuno chenyewe kilikuwa mifupa. Bibi akasema, "Mwenye nyayo kafagia mwenyewe," akaingia ndani kuchinja jogoo. Nilifurahi, sitawadanganya, nilifurahi nikaona kizunguzungu. Lakini chini ya furaha ile kulikuwa na kitu kama kudhulumiwa. Nilimngoja angani, yeye akaja kwa reli. Nikamuuliza kwa nini hakurudi na ndege. Akasema, "Treni ilikuwepo." Kesho yake Bibi akanituma kwa Mzee Ndahani kumwambia sasa afagie. Akafagia ile mistari polepole mpaka ikaisha, kisha akanionya nimfikishie bibi yangu kwamba hongo hairudishwi.

Yule mama aliyecheka na khanga kichwani hakurudi. Aliyerudi alikuwa mpole, mchapakazi, alinipenda, lakini alikuwa na jambo lake moja: pangaboi ikipita juu ya nyumba, yeye huingia chumbani na kufunga mlango. Mimi natoka mbio uani, yeye anaingia ndani. Nilikua, nikaolewa, nikazaa, nikanunua mashine yangu ya kusaga, kwa kuwa injini za ndege hakuna aliyenifundisha, na siku zote hizo tukawa hivyo hivyo, mmoja nje, mmoja ndani. Iliniuma. Nilidhani anakidharau kitu ninachokipenda. Mara moja nikiwa msichana nilimfokea, "Ndege imekukosea nini?" Akasema nikateke maji.

Sasa ni mzee na anaishi kwangu. Jioni ya siku ile niliyomzimia injini yule kijana, nilikuwa nimekaa naye barazani, bado nina kisirani. Mwanangu wa Dar akanitumia video kwenye simu. Ananijua udhaifu wangu. Ni ndege ya jeshi ya zamani, ya pangaboi, huko nchi za watu, wameitunza mpaka inang'aa, na umati umekuja kuitazama tu ikiwashwa, wazee wenye mvi wamebeba wajukuu mabegani. Nikabonyeza. Ikakohoa, ikatoa moshi, panga likasita, na mimi nikasahau kupunguza sauti. Nilipokumbuka nikageuka haraka, nikijua mama ameshanyanyuka kwenda chumbani.

Hakunyanyuka. Alinyoosha mkono. "Lete nione."

Akaishika simu karibu na uso, akatazama mpaka mwisho. Kisha akasema, macho yakiwa bado kwenye kioo, "Nilikuwa humu."

"Najua, mama. Si tulikusindikiza."

"Siyo siku hiyo. Siku mnaokota mawe." Akaweka simu mapajani. "Wewe na mzee mmoja mrefu. Mmepiga magoti mbele ya ndege. Nilikuwa kwenye kidirisha, tunawapeleka majeruhi Dar. Nilikuona."

Nikaitoa simu mapajani mwake nikaizima.

"Nilikuwa nimembana kijana mmoja mshipa wa paja kwa mikono hii. Ningeuachia angekwisha pale pale. Hapakuwa na mwingine wa kunipokea. Kwa hiyo nikawa natazama tu. Nikasema, hebu mwone mwanangu, kanenepa. Nikaona hamfagii, mnaokota kwa mkono, nikamjua mama mkwe wangu. Nikajua nangojewa." Akaitazama mikono yake. "Nilikuita. Nilikuita sana, na kidirisha hakifunguki. Wakawasha injini."

"Sikusikia."

"Nani angesikia? Ile sauti kila ikipita najiona bado naita."

"Mama, miaka yote hii. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unaipenda. Ungeendelea kuipenda?"

Nilikuwa nakumbuka ule mchana wote, jua, vijiwe, jasho la mzee, kila kitu, na katika kumbukumbu yangu yote hakuna kidirisha hata kimoja. Lazima vilikuwepo, safu nzima, juu ya kichwa changu. "Mimi nilikuwa natazama panga," nikasema.

"Najua. Ulikuwa umeachama mdomo."

Nikasimama. Nilikuwa sijui nataka nini, nilishika nguzo ya baraza nikaiachia, nikashuka ngazi nikarudi, nikatazama juu ambako hakukuwa na ndege wala wingu. Nilitaka kukimbia, niko na umri huu, nikimbie mpaka uwanjani nipite chini ya waya nigonge ule mlango wa ndege kwa ngumi mpaka ufunguliwe.

"Unakwenda wapi?" mama akaniuliza.

"Sijui."

"Kaa chini, mwanangu," akasema, akasogea kunipa nafasi kwenye mkeka. "Nilishashuka."